Rojo la Matunda

Majira ya maembe, katika vijiji vya kando ya ziwa Tanganyika, maembe huanguka usiku kucha. Asubuhi watoto huyaokota na kula mpaka wameshiba. Mengine huoza chini ya mti, yakawa chakula cha nzi.

Katika nyumba moja karibu na mti wa namna hiyo kulikuwa na mtoto wa miezi minane. Alikuwa na meno mawili tu, na uji wa muhogo alikuwa ameuchoka. Je, mtoto akose chakula, na huku matunda yamejaa uwanjani?

Nyanya yake, yaani mama ya mama yake, alimwita mjukuu wake mkubwa, msichana wa darasa la tano.

«Mjukuu wangu, lete maembe mawili yaliyoiva vizuri. Usichukue yenye kidonda. Leo utajifunza kumtengenezea mdogo wako rojo.»

«Rojo ni nini, Nyanya?»

«Ni tunda lililopondwa mpaka limekuwa laini na zito kama uji. Asiye na meno hulimeza bila taabu.»

Namna ya kutengeneza

1. Osha mikono kwa sabuni na maji safi. Osha bakuli, kisu, uma na kijiko, kisha vimwagie maji ya moto.

2. Osha embe kabla ya kulimenya. Ukikata embe chafu, kisu huingiza uchafu wa ganda ndani ya nyama yake.

3. Menya embe, kata nyama yake, weka kokwa kando. Kama ni papai, toa mbegu zote.

4. Ponda kwa uma mpaka mabonge yaishe. Embe lenye nyuzi lipitishe katika chujio safi, kwa maana nyuzi huweza kumkaba mtoto koo.

5. Likiwa zito mno, ongeza maji kidogo yaliyochemshwa na kupoa. Usitie sukari wala chumvi. Asali pia haifai kwa mtoto asiyetimiza mwaka mmoja.

Msichana alifanya yote hayo, akampa mdogo wake vijiko vitatu. Mtoto alilamba midomo, akafungua kinywa tena. Aliposhiba, bakuli lilikuwa bado na nusu. Msichana akalifunika, akaliweka mpaka kesho.

Asubuhi alifunua bakuli. Juu ya rojo palikuwa na mapovu madogo. «Si kitu,» alisema, akatwaa kijiko. Lakini Nyanya alimshika mkono.

«Ngoja. Linuse kwanza.»

«Linanuka kama pombe ya ndizi, Nyanya.»

«Basi, mtoto wa miezi minane hanywi pombe.»

Nyanya akalimwaga lote. Msichana alisikitika. «Nyanya, umepoteza chakula!»

«Mjukuu wangu, kabla mama yako hajazaliwa nilikuwa na mtoto mwingine. Alikula chakula kilicholala, akahara siku tatu, tukamzika. Ni afadhali kumwaga nusu bakuli la embe.»

Msichana akanyamaza. Kisha akaenda kuosha bakuli.

Kwa nini rojo huharibika?

Katika uchafu, katika mikono, na hata katika mate yetu mna vijidudu vidogo sana ambavyo macho hayawezi kuviona. Mtaalamu wa Ufaransa, Louis Pasteur, alionyesha katika karne ya 19 kwamba vijidudu ndivyo vinavyochachusha na kuozesha vyakula. Ganda la embe ni kama ukuta wa nyumba. Ukilimenya na kuliponda, umebomoa ukuta, na vijidudu huingia.

Penye joto na chakula, vijidudu vingine hujigawa kila dakika 20. Kimoja huwa 2, kisha 4, na saa moja ikiisha huwa 8. Baada ya saa 6 vimepita 260,000! Vingine huleta kuhara. Kuhara humaliza maji ya mwili, na mtoto mdogo huweza kufa upesi. Akihara, anyonyeshwe zaidi, apelekwe zahanati bila kuchelewa.

Kwa hiyo tengeneza rojo la kutosha mara moja tu. Kijiko kilichoingia kinywani kisirudishwe katika bakuli kubwa, kwa kuwa mate huchachusha upesi.

Faida zake

Embe na papai lililoiva yana vitamini A, inayolinda macho na kuusaidia mwili kushindana na magonjwa. Lakini mtoto asipewe rojo kabla ya kutimiza miezi sita: mpaka hapo maziwa ya mama yanamtosha. Baadaye huanza kwa vijiko viwili au vitatu, na kunyonya kunaendelea. Tena matunda peke yake hayajengi mwili. Ampatie mama pia maharagwe yaliyopondwa, yai lililoiva, au unga wa ndagala katika uji.

Rojo huwafaa pia wazee wasio na meno, na wagonjwa wasiotaka kula. Maembe yakizidi, yapikwe pamoja na sukari nyingi mpaka yawe mazito: hiyo ndiyo konfitiri. Sukari nyingi huzuia vijidudu visiongezeke upesi. Lakini konfitiri ni ya kupaka mkate, si chakula cha mtoto mchanga.

Kumbuka: Rojo la matunda ni chakula cha leo, si cha kesho.

Maswali

1. Kwa nini embe huoshwa kabla ya kumenywa?
2. Msichana aliona na kunusa nini asubuhi?
3. Kwa nini Nyanya hakuhuzunika alipomwaga rojo?
4. Kijidudu kimoja kikijigawa kila dakika 20, vitakuwa vingapi baada ya saa 2?
5. Nyumbani kwenu, ni nani angefaa kutengenezewa rojo? Eleza utakavyolitengeneza.