Tabora hadi Ujiji kwa Pikipiki: Mwongozo kwa Mume na Mke

Afikaye Tabora na mwenzi wake juu ya pikipiki moja, akiwa na nia ya kuifuata njia ya kale ya misafara hata Ujiji, na ajue kwanza ya kwamba njia hiyo haikuchaguliwa na watu wenye haraka. Waliichagua wapagazi wa Kinyamwezi, waliokwenda kwa miguu kutoka maji hata maji, na kwa kuwa miji mingi ilimea palepale walipotua mizigo, vituo vyao vingali vinamfaa msafiri wa leo. Vitabu vingi huwasifu wapelelezi wa Kizungu Burton, Livingstone na Stanley kana kwamba wao ndio walioifungua, ilhali waliikuta imekwisha kukanyagwa na watu wenye ujuzi kuliko wao. Tena wapagazi wengi walifuatana na wake zao, waliobeba vyungu na unga na kupika kambini, hata safari ya watu wawili katika njia hii si jambo geni.

Wakati mwema ni tangu Juni hata Oktoba, kabla ya masika yanayoanza Novemba na kudumu hata Aprili, maana udongo wa huku ukilowa hushika magurudumu. Juni na Julai asubuhi huwa na baridi inayopenya glavu; Septemba na Oktoba jua ni kali, walakini ndipo miombo inapochipua majani mapya mekundu hata kabla ya mvua, na kwa macho yangu hakuna mwezi mzuri zaidi wa kupita msituni.

Mpagazi alibeba takriban frasila mbili za bidhaa za tajiri, mbali na vitu vyake mwenyewe. Ninyi mizigo yenu isizidi frasila moja, yaani kilo 16 hivi, kwa sababu chombo kimekwisha kubeba watu wawili. Chukueni tyubu mbili, pampu, viraka na gundi, spana na mafuta ya mnyororo. Fungeni mizigo kwa mipira iliyokatwa katika tyubu kuukuu, ambayo hushika kuliko kamba. Na kofia ngumu ziwe mbili, si moja ya dereva peke yake.

Tabora yenyewe msiipite mbio. Ukiisha kuitazama boma ya Wajerumani, enda Kwihara, mwendo mfupi nje ya mji, palipo na tembe lililotengenezwa upya na kufanywa makumbusho. Simama mlangoni uutazame ubao ulionakshiwa, kisha ukuta wa udongo mwekundu ulio mnene, na vyumba vilivyozunguka ua mmoja. Ndani mna ubaridi hata adhuhuri. Hapo walifika Livingstone na Stanley Februari 1872 wakitoka Ujiji. Stanley akashika njia ya pwani mwezi wa Machi, na Livingstone akabaki akingoja wapagazi hata Agosti. Mwaka uliofuata, Oktoba 1873, Susi na Chuma, watumishi wake, na wenzao walipita hapo na maiti yake. Mpelelezi Mwingereza Cameron, aliyekuwa hapo wakati huo, aliwashauri wamzike hapo. Wakakataa, wakambeba hata Bagamoyo. Mimi sijui kitendo cha uaminifu kinachoipita safari ile, na anayezuru Kwihara awakumbuke wao kabla ya mwingine yeyote.

Kutoka Tabora njia huelekea magharibi hata Urambo, mji uliopata jina lake kwa Mtemi Mirambo, ambaye mwaka 1871 aliifunga njia kwa vita vyake na Waarabu wa Tabora, hata Stanley akalazimika kuzunguka kusini. Lami imefika sehemu kubwa, lakini kabla ya kuondoka Kaliua, mji ulio mbele ya Urambo, waulizeni madereva wa malori hali ya mbele, na mjaze tangi hapo hapo, kwa maana petroli ya chupa vijijini huenda ikawa na maji au uchafu. Penye mchanga mzito mwenye kukaa nyuma ashuke atembee. Heri kuchelewa kuliko kuanguka wawili. Usiku msiendeshe kabisa, kwani ng'ombe hulala barabarani.

Msituni mna mbung'o. Hao huvutwa na kitu kinachokwenda na rangi nyeusi au buluu, basi vaeni kaki, fungeni shingo na vifundo vya mikono, na msisimame ila kwa dharura. Kando ya njia mtaona mizinga ya magome imening'inia mitini, na wauzaji wa asali ya nyuki wakubwa. Mkinunua, funikeni kinywa cha chupa kwa nailoni kabla ya kukaza kifuniko, mkaisimamishe katikati ya nguo, maana mtikisiko wa pikipiki hukilegeza kifuniko na asali ikaingia katika kila kitu. Kwa mama lishe ulizeni michembe au matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa. Hujaza tumbo, havichachi. Mkiwakuta wazee asubuhi, zimeni injini kwanza, mvue kofia, mseme "mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Kinyamwezi. Mtapata maelekezo bora kuliko ramani.

Penye mto Malagarasi, ambapo misafara ililipa hongo, yaani ushuru, ili kuvushwa kwa mitumbwi, leo pana daraja. Uvinza kuna chumvi iliyochemshwa tangu kale na kuuzwa mbali. Kisha Ujiji, penye mnara wa ukumbusho wa kukutana kwa Livingstone na Stanley, na makumbusho, na soko la dagaa lenye harufu ya ziwa.

Wasiotaka kurudi kwa njia ileile wana reli, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikifuatana karibu na njia ya wapagazi. Endeni stesheni ya Kigoma siku moja kabla ya treni kuondoka, mwulize kama pikipiki itapokewa kama mzigo na kwa kiasi gani, mtoe petroli tangini, na mdai stakabadhi kabla haijapandishwa behewani.