Usipake Usichokijua: Kijitabu cha Afya ya Ngozi kwa Kila Kaya

Kijitabu hiki ni cha nani

Ni cha mama, baba, bibi, babu, dada wa kazi na kijana yeyote anayejua kusoma. Asiyejua kusoma, asomewe.

Neno la kwanza

Wengi wanaofika zahanati wakiwa na ngozi iliyoharibika hawakuharibiwa na ugonjwa. Waliharibiwa na walichopaka kabla ya kuja. Ngozi inawasha, jirani anatoa tyubu yake, au muuza duka anachota krimu na kuitia kwenye kikopo kisicho na jina. Baada ya siku chache muwasho unapoa na kila mtu anaisifu dawa. Wiki mbili baadaye muwasho umerudi na umesambaa. Mgonjwa anaongeza kupaka. Akifika kwetu, ugonjwa uliokuwa mdogo umekuwa mkubwa, na hata kuutambua ni kazi.

Usipake usichokijua.

Tyubu ya kuazima, krimu ya kuchanganywa na mkorogo

Soma boksi la tyubu. Ukiona limeandikwa *clobetasol* au *betamethasone*, hiyo ni dawa kali. Ina kazi yake ikitolewa na mtaalamu, kwa ugonjwa fulani, sehemu fulani, siku zinazohesabika. Si mafuta ya kujipaka. Si ya chunusi. Si ya kung'arisha uso. Si ya makalio ya mtoto mchanga.

Ukiipaka ovyo haya hutokea:

- Fangasi husambaa chini kwa chini huku juu ngozi ikionekana kupona.
- Ngozi huwa nyembamba na kuchubuka kwa kitu kidogo.
- Michirizi hutokea mapajani, kwapani na tumboni, nayo haifutiki.
- Uso hujaa chunusi, wekundu na vinyweleo.
- Vidonda huchelewa kupona.
- Ikipakwa karibu na macho kwa muda mrefu, huweza kuleta presha ya macho na mtoto wa jicho.
- Mtoto aliyepakwa mwili mzima kwa muda mrefu huweza kudumaa.

Mkorogo ni hatari juu ya hatari, kwa sababu hata anayeuchanganya hajui kipimo. Ndani yake huwekwa dawa kali hizo hizo, mara nyingine pamoja na *hydroquinone* au zebaki. Zebaki huharibu figo, na mama mjamzito humpitishia mtoto aliye tumboni. Vipodozi vyenye zebaki au hydroquinone vimepigwa marufuku Tanzania. Kuuzwa hadharani sokoni hakuvifanyi kuwa salama.

Kama umeshatumia kwa miezi, usione haya na usijifiche. Ukiacha ghafla ngozi inaweza kuwaka na kuwasha sana, na hapo wengi hukimbilia kupaka tena. Chukua tyubu au kikopo chako, nenda nacho zahanati wiki hii hii, useme umepaka nini na kwa muda gani. Utaelekezwa namna ya kuacha.

Usipake usichokijua. Usimpake mtoto usichokijua.

Upele

Unawasha zaidi usiku. Hukaa katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kwapani, kiunoni, makalioni na sehemu za siri. Ukiona watu wawili wa nyumba moja wanajikuna, fikiria upele kwanza.

Dawa ipo na inaponya. Mara nyingi inashindwa kwa sababu moja: anatibiwa mmoja, wengine wanaachwa. Nyumba nzima ipake usiku mmoja, hata asiyewashwa, kuanzia shingoni hadi nyayoni, katikati ya vidole na chini ya kucha. Rudia kama ulivyoelekezwa, kwa kawaida baada ya wiki moja. Kwa watoto wachanga na wajawazito, uliza kipimo chao kwanza.

Asubuhi yake fua shuka, nguo na taulo kwa maji ya moto, uanike juani. Kisichofulika kifunge kwenye mfuko wa plastiki kwa siku tatu au zaidi.

Muwasho unaweza kubaki wiki mbili hadi nne hata baada ya kupona. Usiufuate kwa tyubu ya jirani.

Mashilingi na mapunye

Mashilingi ni mviringo wenye ukingo ulioinuka na katikati palipotulia. Paka dawa ya fangasi uliyopewa mara mbili kwa siku, na uendelee wiki moja hadi mbili baada ya alama kutoweka. Wengi huacha siku muwasho unapoisha, na ndiyo maana mashilingi hurudi.

Mapunye ya kichwani hayaponi kwa kupaka peke yake. Yanahitaji vidonge kutoka zahanati. Kitana, taulo na kofia visishirikiwe. Kinyozi asafishe mashine kila baada ya kichwa.

Maji ya betri, mafuta ya taa na jiki si dawa ya fangasi. Vinaunguza.

Pumu ya ngozi

Ngozi kavu, inayowasha, kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Kwa mtoto mdogo, mashavuni. Haiambukizi. Mtoto asitengwe.

Muogeshe kwa muda mfupi, maji ya uvuguvugu, sabuni isiyo na manukato. Usimsugue kwa dodoki. Mpake mafuta ya mgando yasiyo na harufu ngozi ikiwa bado na unyevu, na umrudie tena mchana. Kata kucha zake. Mvalishe nguo za pamba. Akipewa dawa kali na mtaalamu, mpake siku alizosema, mahali aliposema, na usimwazime mtu.

Harara

Nguo nyepesi, mahali penye hewa, maji ya baridi; mafuta mazito yaache.

Chunusi

Osha uso mara mbili kwa siku, usizikamue, usipake ndimu: maji ya ndimu yakikutana na jua huunguza ngozi na kuacha madoa.

Majipu

Kanda kwa kitambaa safi cha maji ya moto yasiyounguza. Usikamue, hasa jipu la puani, mdomoni au karibu na jicho.

Kuungua

Mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Hakuna dawa ya meno, hakuna asali, hakuna kinyesi cha ng'ombe, hakuna mafuta. Usitumbue malengelenge.

Mwenye ualbino

Kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua kila siku tangu utotoni. Kituo cha magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, hutengeneza mafuta hayo kwa ajili yao, ulizia kliniki. Kidonda kisichopona kionwe mapema, maana saratani ya ngozi ikiwahiwa hutibika.

Ngozi hutunzwa na maisha yote

Oga kila siku, ujikaushe vizuri katikati ya vidole vya miguu. Kila mtu na taulo lake. Godoro na mablanketi yatolewe juani. Kula mboga za majani, matunda, maharage, na samaki au dagaa ukijaliwa. Kunywa maji. Lala vya kutosha, kwa sababu msongo wa mawazo na kukosa usingizi huchochea pumu ya ngozi na chunusi. Acha sigara.

Mafuta ya nazi safi yanafaa kulainisha ngozi isiyo na kidonda. Dawa za majani nazo ni dawa: zina wanaodhuriwa nazo. Usiziweke kwenye kidonda kibichi wala kwenye kitovu cha mtoto.

Nenda kituo cha afya leo hii

- Ngozi imevimba, ina moto na usaha, na mtu ana homa.
- Mtoto wa chini ya miezi miwili ana malengelenge au vipele vya usaha.
- Umemeza dawa, kisha ngozi inachubuka au mdomo na macho vina vidonda. Acha dawa hiyo, ichukue, kimbilia hospitali.
- Mtoto mwenye upele wa usaha amevimba uso, au mkojo wake umekuwa rangi ya chai ya rangi.
- Una baka lililofifia rangi ambalo halina hisia ukiligusa. Huenda ni ukoma. Dawa zake ni bure, hutumiwa miezi 6 hadi 12, na mgonjwa hupona.
- Kidonda kimepita mwezi bila kupona.

Kazi ya leo

Kusanya kila tyubu, kopo na kichupa cha kupaka kilichomo ndani ya nyumba. Kisicho na jina, kisicho na tarehe, au kilichotoka kwa jirani, kisipakwe tena: kitie kwenye mfuko mmoja, mbali na watoto. Kesho upeleke mfuko huo zahanati, umuulize mhudumu kila kimoja ni nini. Hadi hapo, kwa ajili yako na kwa ajili ya watoto: usipake usichokijua.