Somo la Msimu: Maji ya Dagoni na Haki ya Walio Bondeni

Ndugu Wanachama,

Mikarafuu imeanza kubeba, na muda si mrefu tutapiga dago. Kila mmoja wetu amekwisha kuulizia majamvi, magunia na wachumaji. Walioulizia maji ni wachache. Kwa hiyo somo letu la safari hii ni maji.

Maradhi huingiaje majini? Kijidudu cha kipindupindu hutoka katika choo cha mgonjwa. Mvua ikinyesha hukichukua mpaka kisimani au kwenye chemchemi, na anywaye hapo naye huugua, pengine baada ya saa chache, pengine baada ya siku tano. Wako pia wanaokibeba wasiumwe na chochote, nao hukitoa vilevile. Basi usiseme, "Dagoni kwangu hakuna mgonjwa." Mwaka 1978 kipindupindu kilizuka Zanzibar katika kijiji cha wavuvi. Waliugua watu 411, na 51 wakafa.

Sasa tazameni nchi yetu ilivyo. Mikarafuu iko vilimani. Mpunga, visima na majumba ya watu yako mabondeni. Mwenye shamba hupata bei ya karafuu, mchumaji hupata ujira wa pishi zake. Lakini uchafu wa dago humteremkia yule wa chini, ambaye pengine hana hata mkarafuu mmoja. Je, hiyo ni haki? Dini yetu imekataza mtu kujisaidia penye maji, njiani na kivulini pa watu. Jambo hili si la afya tu, ni dhulma.

Nami nakiri kosa langu. Msimu mmoja niliwaweka wachumaji shambani bila ya choo, nikasema ni siku chache tu. Mama mmoja wa bondeni akanijia na ndoo ya maji, akaiweka mbele yangu, akasema, "Katibu, haya kunywa wewe kwanza." Sikuweza. Siku ya pili nilichimba choo.

Mambo ya kufanya ni haya:

1. Chimba choo kabla wachumaji hawajafika. Kiwe mbali na kisima si chini ya mita 30, yaani kama hatua 40, na kiwe upande wa chini wa maji. Shimo lisifikie maji. Penye mawe ya matumbawe ongeza umbali, kwani maji hupita upesi katika nyufa.

2. Chemsha maji ya kunywa mpaka yatokote kwa nguvu dakika moja nzima, kisha yafunike. Watu 20, kila mmoja lita 3 kwa siku, ni lita 60: ndoo tatu kubwa. Kuni zikiwa shida, tumia dawa ya maji kama ilivyoandikwa. Kata iwe na mpini, mkono usiingie mtungini.

3. Sabuni na maji viwekwe karibu na choo.

4. Makopo ya dawa za shamba yasioshwe kisimani wala yasitumiwe kutekea maji. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku hapa kwetu tangu 2006; tumieni vikapu na mapakacha.

5. Mtu akianza kuharisha, mpe maji lita moja yaliyotiwa vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, anywe kidogo kidogo, huku akipelekwa hospitali. Usimfiche kwa kuhofia dago kuvunjika. Mpe habari Sheha.

Maswali ya kujipima: Choo chako kiko hatua ngapi kutoka majini? Ni nani anywaye maji chini ya shamba lako? Wewe mwenyewe ungeyanywa?

Katika mkutano ujao kila mwenye dago atasimama ajibu, nasi tutawaalika wenzetu wa bondeni waje wasikilize. Karafuu ikianguka jamvini huokotwa. Roho haiokotwi.

Wabillahi tawfiq.

Katibu wenu