Dondoo muhimu: Injini ya turbini kwenye viwanja vya udongo

Barabara za Kasongo na Kabambare zikijaa tope, ndege ndogo kama Cessna Caravan huwa tegemeo la dawa na wagonjwa. Kabla haijaruka tena kuelekea Kindu, kagua injini yake ya PT6A:

1. Pima oili dakika 10 hadi 20 baada ya kuzima. Ukingoja hadi asubuhi kipimo kitadanganya: oili huwa imeteremka kwenye gia, fundi anaongeza, inazidi. Kosa hili hurudiwa sana.
2. Mulika tochi kwenye mdomo wa hewa utafute majani, kokoto na viota vya ndege.
3. Kagua kingo za pangaboi; ikiwa kokoto imeacha alama hapo, huenda nyingine imeingia ndani.
4. Sikiliza injini inapozimwa. Mkwaruzo au kusimama ghafla si jambo la kupuuza.
5. Andika joto, nguvu na kasi ya kila safari. Joto likipanda kwa nguvu ileile, shuku vumbi kwenye kompresa: ioshe, kisha linganisha tena. Lisiposhuka, omba ukaguzi wa kamera ndani ya injini.
6. Chembe za chuma kwenye sumaku ya oili zisifutwe tu. Zihifadhi, mwite mhandisi, ndege isiruke.
7. Mafuta ya mapipa: chuja, kisha chota sampuli uangalie maji.

Rubani akikuharakisha kwa sababu mvua inakaribia, maliza ukaguzi kwanza.