WINO GANI USIOTOROKA MAJI?

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa majuto ni mjukuu, huja baadaye. Mimi wa kidato cha tatu nimempakata mjukuu huyo, ndiyo maana nimeshika kalamu, yasije yakawapata yaliyonipata.

Muhula wa pili chama chetu kilikata shauri kutengeneza kadi za kuwaaga kidato cha nne. Tungeziuza tununue kamusi mbili, maana ile tuliyo nayo haina jalada wala herufi A. Kazi ya mhuri nikapewa mimi. Nilikata soli ya kandambili kuukuu, nikachonga kwa wembe dau lenye tanga, nikaazima pedi ya mhuri yenye wino mweusi, ya kawaida ya ofisini. Nikagonga kadi thelathini. Zilipendeza ajabu! Nikaziacha zikauke usiku kucha.

Kesho yake tulipopitisha brashi yenye rangi ya maji ya buluu, lo! Weusi ulitanda kama moshi. Tanga likayeyuka, bahari ikawa matope. Karatasi zile zilinunuliwa kwa michango ya wanachama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mwalimu wa Sanaa alipoziona hakunigombeza. Aliuliza tu, "Ulijaribu moja kwanza?"

"La, mwalimu."

"Na wino huo ukishakauka, ni nini kinachoushika kwenye karatasi?"

Nikabaki kimya. Swali hilo ndilo somo langu leo.

Wino wa pedi nyingi za ofisini ni rangi iliyoyeyushwa katika maji na glisirini. Karatasi huunywa tu. Rangi hubaki tayari kuyeyuka tena, kama sukari iliyokauka kikombeni. Aina nyingine ya wino ina chembe ndogo sana za rangi, kama masizi, ambazo haziyeyuki majini. Lakini usidanganyike kwamba chembe peke yake zatosha. Rangi za maji zenyewe ni chembe zilizoshikwa na gundi ya mgunga, ile inayokusanywa hata kaskazini mwa nchi yetu. Gundi hiyo ikiloweshwa huyeyuka, ndiyo maana rangi iliyokauka kisahanini hufufuka kwa tone la maji. Kwa hivyo chembe bila gundi imara ni mbuzi bila zizi. Usiulize tu kama wino ni mweusi. Uliza umeshikwa na nini.

Baada ya hapo nilijaribu njia nne, na hivi ndivyo nilivyoona:

1. Wino wa India. Huu ni masizi, na aina nyingi zake zina shelaki, yaani ute wa mdudu wa laki. Ukikauka kabisa hautoki kwa maji. Ila ni mwepesi, hivyo upake kwa sponji kidogo tu, la sivyo utajaa kwenye michongo.

2. Wino wa mafuta wa kupigia chapa. Hushikwa na mafuta ya mbegu za kitani, ambayo huungana na oksijeni hewani yakawa magumu. Hutoa mistari safi sana, ila huchukua siku kadhaa kukauka. Usiulainishe kwa mafuta ya kupikia. Hayo hayagandi vizuri, na huacha doa. Ya kupikia yatumie kusafishia mhuri, kisha sabuni.

3. Rangi ya akriliki. Ikikauka huwa plastiki. Ni rahisi kupata, lakini hukauka upesi hata juu ya mhuri. Gonga haraka, osha papo hapo.

4. Fotokopi. Gonga picha moja safi, kisha itolewe nakala. Unga mweusi wa mashine ya fotokopi una plastiki inayoyeyushwa kwa moto ikashika karatasi, na maji hayauondoi. Lakini jihadhari na printa ya kurushia wino wa majimaji. Nyingi wino wake hutoka.

Ziko pia pedi za dukani zinazofaa kazi hii, kama VersaFine ya Japani na Archival Ink ya Marekani. Ukinunua yoyote, soma maandishi yake vizuri. Wino wa "kudumu" huenda ukawa haufifii juani tu, lakini majini ukatoka. Tafuta palipoandikwa kuwa hautoki kwa maji.

Hata hivyo, hakimu ni jaribio. Gonga kwenye kipande cha karatasi ile ile utakayotumia. Ngoja siku nzima. Wino wa mafuta ungoje zaidi. Pitisha brashi yenye maji matupu mara tatu, kisha gandamiza tishu nyeupe. Tishu ikibaki nyeupe, endelea. Ikitoka na weusi, wino huo uachie ofisi.

Sisi tulichagua wino wa India. Kwa pesa zilizobaki tulipata karatasi za kadi ishirini tu. Zote ziliuzwa, na dau lilielea juu ya bahari ya buluu bila kuchafuka. Tulinunua kamusi moja badala ya mbili. Kila ninapoifungua naikumbuka ile ya pili, ambayo ingepatikana kama ningeharibu kadi moja ya majaribio badala ya thelathini.

Wenzangu, kuuliza si ujinga, na kujaribu si kupoteza wakati.