Kiwanda kikivuja, nani atalipa? Somo juu ya asiransi ya uchafuzi

Wengi wetu tunajua asiransi kwa njia ya motokari. Lori ya koperative ikigonga mbuzi wa mutu njiani, asiransi inalipa mwenye mbuzi, haitengenezi lori yenu. Viwanda navyo vinaweza kununua asiransi ya namna hiyo: kiwanda kikiharibu maji ao udongo wa majirani, asiransi inasaidia kulipa hasara ya wale majirani na kazi ya kusafisha.

Leo tutaangalia viwanda vya elektroniki, vile vinatengeneza vipande vidogo vya ndani ya simu na kompyuta. Viko mbali na sisi, lakini kobalti na shaba ya udongo wetu zinaishia mule. Na tena, mambo yao ya zamani yanahusu wakulima kabisa.

Bonde la Santa Clara, kule California, Marekani, lilikuwa inchi ya matunda: miti ya plamu na aprikoti kila upande. Toka miaka ya 1950 mashamba yakaanza kuuzwa, viwanda vya elektroniki vikajengwa. Watu walifurahi, maana havikuwa na moshi. Walisema hii ni kazi safi. (Na sisi pia tunapenda kuhukumu kiwanda kwa macho, tukiangalia moshi tu.)

Lakini kusafisha vile vipande kunaomba dawa kali za kuondoa mafuta. Dawa iliyokwisha kutumika ilikuwa inamwagwa mu matangi yaliyozikwa chini ya udongo. Mwisho wa mwaka 1981, kusini mwa muji wa San Jose, tangi ya kampani Fairchild ilikutwa inavuja. Ile dawa, trikloroetani, ni nzito kuliko maji. Inashuka, inaingia mu maji ya chini, kisha inatembea pamoja nayo. Ilifika mu kisima cha kampani ya maji Great Oaks, zaidi kidogo ya nusu kilometre kutoka kiwanda. Watu walikuwa wanakunywa yale maji. Kisima kikafungwa.

Mu mutaa wa Los Paseos, mimba nyingi zilikuwa zimeharibika na watoto wengine walizaliwa na kilema cha moyo. Mwaka 1985 wachunguzi wa serikali ya California walikubali kwamba hesabu ile ilipita kiasi cha kawaida, lakini hawakuweza kuhakikisha kwamba sababu ni maji. Familia zilikuwa zimeshitaki. Mwaka 1986 zikapatana na wenye kushitakiwa, zikalipwa.

Sasa tuingie kwenye asiransi. Miaka ya 1970, mikataba mingi ya kawaida kule Marekani ilisema hivi: tutalipa uchafuzi ukitokea kwa ghafula na kwa ajali. Tangi inayotoka tone kwa tone miaka miwili, hiyo ni ghafula? Kampani za asiransi zilisema hapana. Wenye viwanda walisema ndiyo, sababu hawakuitazamia. Wazuzi wa jimbo moja walikata hivi, wa jimbo lingine vile. Toka 1986 kampani za asiransi zikachoka na ile mabishano: mukataba wa kawaida ukaanza kukataa karibu uchafuzi wote. Mwenye kiwanda anayetaka kulindwa anapaswa kununua mukataba wa pekee wa uchafuzi. Kwa hiyo mukubwa wa kiwanda akiwaambia «sisi tuko na asiransi», hajajibu kitu bado. Muulize kama ni ya moto na ya motokari tu, ao ya uchafuzi, na kama inahesabu pia uchafuzi wa polepole.

Mukataba wa pekee nao uko na mitego. Uchafuzi ambao mwenye kiwanda alijua mbele ya kutia sahihi, kwa kawaida haulipwi. Mara nyingi pesa za mawakili wake zinatoka mu mufuko ule ule wa kulipa majirani, kwa hiyo kesi ikirefuka, mufuko unapunguka. Lakini kwetu mutego mubaya kuliko yote ni tarehe. Mikataba hii mingi inalipa tu kama madai yameletwa wakati mukataba ungali muzima. Mukinyamaza miaka mitatu mukingojea chef azungumuze na wakubwa, mukataba unaweza kuisha, ao kiwanda kuuzwa.

Kwetu Kongo, sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua kazi ya asiransi kwa kampani zingine, isibakie SONAS peke yake. Na sheria ya machimbo, jinsi ilivyobadilishwa mwaka 2018, inasema mwenye haki ya kuchimba anapaswa kurudisha hasara aliyoletea watu, mali na mazingira, hata kama hakufanya kosa. Koperative za karibu na machimbo wazishike zote mbili. Lakini deni ni la mwenye kazi. Asiransi ni mufuko wake tu. Hata kama hana asiransi, deni linabaki.

Kwa hiyo andikeni barua mara moja munapoona maji yamebadilika, na muombe kopi yenu ipigwe muhuri na tarehe. Lakini mbele ya pale, pimisheni kisima wakati maji yangali mazuri; bila kipimo cha kwanza, watasema maji yalikuwa hivyo toka zamani. Kwa dawa kama ile ya San Jose, tumieni chupa ya kioo yenye laboratware imewapa, muijaze mpaka juu kabisa bila hewa, muifunge, muiweke mu baridi. Dawa ile inaruka haraka: ukiacha nafasi ndani ya chupa, inatoka mu maji, na kipimo kitaonyesha kisima kisafi.