Ukimya wa Bandari: Kuisoma Picha ya Fitz Henry Lane ya Mwaka 1862

1. Utangulizi

Makala haya yanachunguza namna mhakiki aliyezoea shairi na riwaya anavyoweza kuisoma picha ya rangi. Picha inayohakikiwa ni Owl's Head, Penobscot Bay, Maine, iliyochorwa mwaka 1862 na Mmarekani Fitz Henry Lane, na ambayo imehifadhiwa katika makumbusho ya sanaa ya Boston. Huenda msomaji akauliza bandari ya kaskazini mwa Marekani inamhusu nini mwanafunzi wa Kiswahili aliyelelewa Naivasha. Makala haya yanadai kwamba inamhusu kwa mambo mawili: nguo na maji.

2. Yanayoonekana

Ufukweni amesimama mtu mmoja, ametupa mgongo. Mbele yake maji yametanda bila wimbi. Chombo chenye matanga kimetulia juu yake, na ng'ambo inaonekana rasi yenye miti. Mbingu, yenye mwanga hafifu wa rangi ya waridi na manjano, imechukua zaidi ya nusu ya picha.

Mbinu tatu zinastahili kutajwa. Kwanza, mstari unaokutanisha maji na mbingu umewekwa chini, hivyo vitu vinaonekana vidogo na nafasi inaonekana kubwa. Pili, alama za brashi zimefichwa, kama msimulizi asiyejitokeza katika hadithi yake. Tatu, mgongo wa yule mtu unatuweka nyuma yake, tukatazama anachokitazama yeye. Hatujui kama anasubiri chombo au anakiaga. Shairi nalo huweza kumwachia msomaji swali la namna hii.

Lane alizaliwa mwaka 1804 huko Gloucester, bandari ya wavuvi. Miguu yake ilipooza utotoni, akawa anatembea kwa magongo hadi alipofariki mwaka 1865. Hata hivyo, mhakiki asikimbilie kusema kwamba mtu wa ufukweni ni Lane. Maisha ya mtunzi huangaza kazi yake. Hayawi badala ya kazi yenyewe.

3. Yasiyoonekana

Mwaka 1862 Marekani ilikuwa katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyopiganwa tangu 1861 hadi 1865. Katika picha hamna askari wala moshi. Kiini cha vita hivyo kilikuwa utumwa, na watumwa ndio waliolima pamba ya majimbo ya kusini. Pamba hiyo ilifumwa katika viwanda vya kaskazini mashariki, eneo alikotoka Lane, na wafanyabiashara wa Salem wakaileta nguo Unguja. Mkataba wa biashara baina ya Marekani na Seyyid Said ulitiwa sahihi mwaka 1833, na merikebu zao zilirudi na pembe za ndovu na sandarusi.

Waswahili waliiita nguo hiyo marekani. Misafara iliibeba pamoja na shanga na nyaya hadi bara. Msafara wa Joseph Thomson, uliofika Naivasha mwaka 1883, uliandamana na ule wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani aliyeijua njia ya Umasaini. Vita vilipoikatiza pamba, nguo kutoka nchi nyingine zilishika soko la Unguja, lakini neno marekani lilibaki katika lugha yetu.

Je, basi, picha hii inadanganya? Hapa mhakiki anaweza kukosea mara mbili. Kosa la kwanza ni kuusifu utulivu na kuusahau mwaka. Kosa la pili ni kukipakia chombo kile marobota ya nguo ambayo mchoraji hakuyachora. Owl's Head si Salem. Picha inasema maji yametulia. Historia inasema pwani hiyo ilikuwa na mkono katika mambo mazito. Kauli zote mbili ni kweli, na kila moja ithibitishwe kwa ushahidi wake.

4. Shwari ya Naivasha

Jina Naivasha limetokana na neno la Kimaasai linaloeleza maji yanayochafuka. Asubuhi mitumbwi ya wavuvi wa Kamere huweza kulikuta ziwa likiwa shwari. Alasiri upepo hushuka na mawimbi yakainuka. Mwaka 2020 maji ya ziwa hilo hilo yalipanda, yakaingia katika nyumba za mtaa wa Kihoto na kuwahamisha wakazi. Kwa hiyo msomaji wa Naivasha anajua kwamba shwari ni hali ya saa fulani, wala si tabia ya maji. Akiitazama picha ya Lane kwa ujuzi huo, ataona kwamba mchoraji amechagua saa moja tu. Kisha atauliza ni nini kilitangulia saa hiyo na ni nini kitakachofuata.

5. Hitimisho

Imebainika kwamba zana za uhakiki wa fasihi, yaani mandhari, mtazamo, ukimya na muktadha, zinaifaa picha pia, mradi mhakiki aanze na kinachoonekana. Walimu wanaweza kulijaribu jambo hili darasani. Kila mwanafunzi aandike aya moja juu ya picha ya bandari bila kutumia neno "nzuri", kisha aya ya pili juu ya mwaka wa picha hiyo. Aya hizo zisomwe kwa sauti, na darasa lijadili mahali zinapokubaliana na mahali zinapopingana.